Pishi ya Msafiri

Msomaji wangu, ukiambiwa leo uandike insha juu ya siku yako ya kwanza katika mji mkubwa wa ugenini, utaanza na neno gani? Mimi nimesahihisha insha za namna hiyo kwa miaka mingi, na nadhani jibu lako nalijua. Utaandika kwamba majengo yalikuwa marefu hata yakagusa mawingu, kwamba magari yalikuwa mengi kama siafu, kwamba taa ziligeuza usiku ukawa mchana, na kwamba wewe ulipigwa na butwaa. Halafu utaeleza jinsi ulivyokaribia kugongwa na gari, kwa maana hapana mwanafunzi hata mmoja aliyefika mjini bila kukaribia kugongwa.

Mwaka mmoja kijana wa kidato cha pili aliniletea insha ya namna hiyo juu ya London. Ilikuwa imeandikwa vizuri, hati yake safi, methali zimepangwa mahali pake. Nikampa alama kumi na sita katika ishirini. Majuma mawili baadaye nikaja kujua kwamba kijana yule hajapata kufika London wala mji mwingine wowote. Mwisho wa safari zake zote ulikuwa soko la wilaya. Sikumlaumu, kwa kuwa hakuvunja sharti lolote la mtihani. Nilijilaumu mwenyewe, kwa maana nilikuwa nimeisoma insha yote nisitambue. Tangu siku ile nina kipimo kimoja ninachokitumia kwa kila habari ya safari, iwe ya mwanafunzi au ya mwandishi mashuhuri: je, sentensi hii yaweza kuandikwa na mtu ambaye hakwenda? Kama yaweza, basi nauli ilipotea bure.

Nataka tukichukue kipimo hicho tuwaendee baadhi ya wasafiri wa pande zetu walioiona miji mikubwa ya Ulaya zamani, wakaacha maandishi. Utaona kwamba kosa la kijana wangu ni la zamani sana, na kwamba wako walioliepuka kwa njia ambayo huenda hukuitazamia.

Tuanze na Ham Mukasa. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alialikwa London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na Mukasa akafuatana naye kama karani wake. Walivuka ziwa mpaka Kisumu, wakapanda gari la moshi katika reli iliyokuwa imefika huko miezi michache tu kabla yao, wakateremka hata Mombasa, wakashika bahari. Kumbuka kwamba Nairobi waliyoipita njiani ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, kambi ya mabati na mahema. Na London waliyoiendea ilikuwa na watu zaidi ya milioni sita. Walipofika, mfalme akaugua. Sherehe iliyokuwa ifanywe tarehe 26 Juni ikaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti, na wageni wakabaki na siku nyingi za kutembezwa. Mukasa aliandika kwa Kiganda yale aliyoonyeshwa, na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya mmisionari Ernest Millar, ikachapishwa mwaka 1904.

Sitakuficha kwamba kitabu hicho chaweza kumchosha msomaji. Mgeni anayetembezwa na wenyeji wake huona kile walichotaka akione, nacho ni kingi mno: leo kiwanda, kesho kanisa, kesho kutwa wanyama katika vizimba. Mukasa hustaajabu, kisha hustaajabu tena, na mara nyingi hukiri kwamba maneno yamemwishia. Msomaji asiye na subira hukiweka chini. Lakini ukisoma kwa utulivu utaona kwamba mtu huyu ana tabia moja ambayo kijana wangu hakuwa nayo. Haridhiki kusema kwamba kitu ni kikubwa. Hutafuta nyumbani kwake kitu cha kukipimia, kitu ambacho msomaji wa Buganda amekigusa kwa mkono wake au amekipanda kwa miguu yake, akakiweka kando ya kile kigeni ili vitazamane.

Wazee wetu wa pwani walipokwenda dukani kununua nafaka walipima kwa kibaba, na vibaba vinne vikawa pishi moja. Mfanya biashara aliyefika bandari ya mbali hakuweza kujua kama mchele wa huko ni ghali au rahisi mpaka ameupima kwa pishi yake. Msafiri naye huondoka kwao na pishi mkononi, apende asipende. Wako watu wanaomcheka mwandishi wa kale kwa sababu alilinganisha mambo ya London na mambo ya kijijini kwake. Husema huo ni ushamba. Mimi naona ni adabu kwa msomaji, tena ni akili. Mwandishi ambaye husema mji ulikuwa kama peponi ametupimia kitu asichokijua kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona. Mwandishi anayeupima kwa mlima wa kwao ametupa kitu cha kushika. Zaidi ya hayo, ameutoa mji ule mkubwa mahali pake pa enzi, akauleta usimame juu ya udongo wa kwao, utazamwe na watu wake kwa nafasi yao.

Sasa tumtazame mtu wa namna nyingine kabisa. Salim bin Abakari alikuwa Mkomoro, mtumishi wa Mjerumani aliyeitwa Bumiller, na mwaka 1896 alifuatana na bwana wake kutoka Ujerumani mpaka Urusi, wakafika St. Petersburg, mji ambao Petro Mkuu aliuanzisha mwaka 1703 juu ya ardhi ya kinamasi, kisha wakaendelea mpaka Siberia na nchi za Asia ya Kati. Habari yake imo katika mkusanyo wa Carl Velten ulioitwa Safari za Wasuaheli, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1901. Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili hii ni hazina, kwa maana hatuhitaji mtafsiri. Tunaisikia sauti ya mtu mwenyewe.

Na sauti hiyo huenda kwa -ka-. Wewe uliyefundishwa sarufi wajua kazi ya -ka-: hulishika tendo moja mkono ikalifunga na tendo linalofuata, kama ngamia wa msafara. Kwa habari ya njia ndefu hapana chombo bora. Baridi hufuata barabara, barabara hufuata mto, kituo hufuata kituo, na msomaji huchukuliwa mbele bila kupumzika. Lakini -ka- haijui kusimama. Msafara unapoingia katika mji mkubwa, mahali ambapo tungependa mwandishi aketi, atazame dirishani, asikilize wapita njia, -ka- inamvuta mkono aondoke. Mji huwa kituo kimoja zaidi. Jambo hili nimeliona pia katika insha nyingi shuleni: mwanafunzi huamka, akavaa, akapanda, akafika, akaona, akala, akarudi, akalala, na mji umepotea katikati ya kuona na kula. Mji hautaki kusimuliwa wote kwa -ka-. Mara nyingine wataka hu-: watu wa hapa hufanyaje asubuhi, humwamkia nani, hupita nani bila kumtazama? Na swali la hu- hujibiwa na yule tu aliyekaa kidogo.

Hata hivyo nampenda Salim kuliko wengi. Yeye hakualikwa. Hapakuwa na mtu aliyepanga siku zake ili astaajabu. Alikwenda kwa sababu ya kazi, na jicho la mtumishi huona baridi, chakula, vyombo vya safari na desturi za watu mapema kuliko enzi za wafalme. Nami naomba ufikiri juu ya jambo hili: Mwislamu wa Komoro alipofika nchi za Samarkand, kwenye misikiti na watu wa dini yake, kati yake na bwana wake wa Kijerumani nani alikuwa mgeni zaidi? Kwa hesabu ya ramani wote wawili walikuwa mbali na kwao. Kwa hesabu ya kibla hawakuwa sawa.

Yatupasa pia kuuliza ni nani aliyesimama nyuma ya kiti cha mwandishi. Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, na maandishi aliyoyakusanya yaliwafaa Wajerumani waliojifunza lugha yetu kwa ajili ya kazi zao katika koloni. Mtumishi anayejua kwamba bwana na marafiki wa bwana watasoma karatasi yake, je, ataandika kila kitu? Sisemi kwamba alisema uongo. Nasema kwamba unapoisoma habari ya namna hiyo, usikilize na pale aliponyamaza.

Methali yetu yasema mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni kwamba hawezi kujificha. Popote aendapo macho humfuata. Basi ni ajabu kwamba wasafiri wengi hutuambia walivyoutazama mji, wakasahau kutuambia jinsi mji ulivyowatazama wao. Aliyelijua jambo hili kwa uchungu ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Emily Ruete. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka uliofuata akafika Hamburg na mumewe. Kumbukumbu zake alizitoa mwaka 1886, lakini barua zake juu ya maisha ya Ujerumani zilichapishwa baada ya kufa kwake, na kifo chake kilikuwa mwaka 1924. Tofauti yake na Mukasa ni moja, nayo ni kubwa: Mukasa alikuwa na tarehe ya kurudi. Mwenye tarehe ya kurudi hustahimili baridi kama mchezo. Asiye na tarehe huihesabu kwa siku. Ndiyo sababu, nadhani, mjini Hamburg huyu mama hatuonyeshi sana minara. Anatuonyesha milango iliyofungwa, na macho ya watu.

Nimemwacha nyuma kwa kusudi yule ambaye huzua ubishi mkubwa darasani. Martin Kayamba wa Tanganyika, aliyezaliwa mwaka 1891, alisoma Kiungani, akawa karani mwenye sifa, na mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali mjini Tanga. Baba yake mwenyewe alikuwa amesoma Uingereza. Mwaka 1931 Kayamba alipelekwa London, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kidogo cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Vijana wengi wa leo wakikisoma hukasirika. Neno lao ni moja tu: kasumba. Mtu mzima, wasema, anaisifu nchi ya watawala wake, anasifu treni zao, anasifu adabu zao, haulizi mali ile ilitoka wapi. Siwezi kuwaambia kwamba hawana haki. Sifa ni nyingi mno katika kitabu hiki, na mtu anayesifu kila kitu hupunguza thamani ya sifa zake. Nionavyo mimi, kitabu kina macho mengi kuliko ulimi. Jina lake tu latosha kutuonya: twaahidiwa kuona, twaahidiwa kufanya, hatuahidiwi kufikiri.

Lakini ngoja kidogo. Kayamba alikwenda London kufanya nini? Hakwenda kutalii. Bunge la Uingereza lilikuwa limeunda kamati kuchunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja. Walowezi wa Kenya walikuwa na matumaini yao juu ya muungano huo, nao Waafrika walikuwa na hofu zao. Kutoka Tanganyika walikwenda Kayamba, Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba. Kutoka Uganda alikwenda Serwano Kulubya. Kutoka kwetu Kenya walikwenda Chifu Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua. Mashahidi wa Tanganyika, na Kayamba pamoja nao, waliupinga muungano. Waliupinga katika mji ule ule, mbele ya wakubwa wa nchi ile ile, wakati ule ule ambapo jioni walikuwa wakitembezwa na kuonyeshwa maajabu. Mwaka ule ule kamati ikakataa kuupendekeza muungano.

Basi huyu ni mtu wa namna gani? Mchana asema hapana, jioni asema ni vizuri sana. Wako watakaosema ni ndumilakuwili. Mimi nasema alijua jambo ambalo sisi husahau: kwamba mtu aweza kuyapenda madirisha ya nyumba asikubali kuuza shamba lake kwa mwenye nyumba. Kosa la kitabu, kwa maoni yangu, haliko katika kustaajabu. Liko katika kupanga vibaya. Mambo aliyoyaona jioni aliyaweka mbele ya macho yetu, na lile alilolisema mchana, lililomgharimu ujasiri, halikupata nafasi ya kulingana na uzito wake. Karani hodari huandika kumbukumbu za mkutano kwa unyenyekevu, asijitaje. Tabia hiyo njema ya ofisini ilimponza kitabuni.

Mlinganishe na Parmenas Mockerie, aliyekwenda London mwaka ule ule pamoja na Jomo Kenyatta kwa niaba ya Kikuyu Central Association. Hao hawakupewa nafasi ya kusikilizwa na kamati. Mockerie naye aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1934, nacho ni cha Kiingereza. Jina lake kwa lugha yetu lingekuwa Mwafrika Asema kwa Ajili ya Watu Wake. Angalia: aliyefunguliwa mlango aliandika aliyoyaona, na aliyefungiwa mlango aliandika aliyotaka kusema. Sijui kama jambo hili ni kanuni, lakini limenikaa moyoni. Na habari za maisha ya wote wawili zimo ndani ya kitabu kimoja, Ten Africans, alichokihariri Margery Perham mwaka 1936. Wawili waliokwenda mji mmoja katika mwaka mmoja, kila mmoja na pishi yake.

Hayo ni ya wakubwa. Nataka sasa nikurudishe darasani, maana kuna deni ambalo sijalilipa.

Katika rundo lile lile la insha lenye insha ya kijana wa London palikuwa na insha ya msichana aliyekuwa amekwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake wakati wa likizo. Dar es Salaam si mji mdogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu zaidi ya milioni tano. Bahari aliimaliza kwa sentensi mbili. Majengo marefu aliyapa sentensi moja, na hiyo nayo ilikuwa fupi. Kisha akaandika kurasa mbili nzima juu ya neno moja.

Alikuwa ametumwa Kariakoo kununua vitu. (Jina hili lisikupite hivi hivi, msomaji, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni ndugu, zote mbili zimetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918.) Jua lilikuwa kali. Akasimama mbele ya duka akasema kama tusemavyo sisi kwetu: nipe maji. Muuza duka, mama wa makamo, hakugeuka kuchukua maji. Alimtazama kwa upole, akamwambia, "Karibu, mwanangu. Hujambo?" Msichana akajibu hajambo, akasema tena, nipe maji. Mama akamuuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri. Ndipo mteja mwingine aliyekuwa nyuma yake akamtangulia, akaamkia, akasema, "Mama, naomba maji," akapewa mara moja. Msichana akasimama pale, shilingi mkononi, akaelewa kwamba tangu afike mji ule alikuwa akiwaamrisha watu, na kwamba hapana hata mmoja aliyemwambia.

Aliandika kwamba usiku ule alipolala alihesabu kila mtu aliyemwambia nipe tangu aliposhuka kwenye basi, hata akafika kwa kondakta. Aliandika pia kwamba alifikiri anakwenda mahali ambapo lugha haitamsumbua, kwa kuwa Kiswahili anakijua. Mwisho wa insha aliandika kwamba aliporudi Kenya na kusema naomba katika duka la kwao, mwenye duka alimwuliza kama hana pesa.

Nilicheka niliposoma hapo. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Umetoka nje ya mada. Mji uko wapi?" Nikampa alama tisa.

Amekwisha kuhitimu, nami daftari lake sinalo.